Samaki wa Mwalimu wa Lishe

Katika mji mzima wa Baraka, kando ya ziwa, hapakuwa na mtu aliyejua chakula kumshinda Norbert, na aliyelijua hilo zaidi ya wote alikuwa Norbert mwenyewe. Vita vilikuwa vimewarudisha watu kutoka maporini wakiwa mifupa mitupu. Askari walikataza mitumbwi kuvua usiku, samaki wakaadimika. Ndipo shirika moja likaleta kanisani bango la rangi lenye picha za vyakula, na bango likahitaji mtu wa kusimama kando yake na fimbo.

Rosette, mkewe, alikaa mbele, mtoto wao Vainqueur mapajani.

"Vyakula vya kujenga mwili?" Norbert aliuliza.

"Samaki, mayai, maharage!"

Sauti iliyopaa kuliko zote ilikuwa ya Chérie, binti yake, aliyejua somo lote bila kuwahi kuonja yai.

"Kuko bajinga," Norbert akaendelea, "banasema nguvu yote ya samaki inaingia mu supu. Baba anakula nyama, batoto banapewa supu. Supu ni maji, bamama! Maji na chumvi!"

Wanawake wakacheka. Rosette alicheka kwa pua. Jana tu bwana huyu alikuwa amemmaliza samaki mzima wa mukeke, akanyonya hadi macho, huku watoto wakichovya bugali kwenye hayo maji na chumvi. "Mama yangu alitukomaza na supu," ndivyo alivyosemaga nyumbani, bila bango. Na Rosette ndiye aliyemwekea sahani, kichwa cha samaki kikimwelekea mwenye nyumba, kama mama mkwe alivyomfunza. Mkono wake huo nao aliudharau.

"Nani iko na mutoto ya miguu yenye kuvimba? Nibaonyeshe."

Kila mama akavuta kitenge kumfunika wake. Nani angependa kuwa bango?

Rosette alitazama miguu ya Vainqueur, iliyojaa na kung'aa. Mtoto wa jirani yao Florentine alianza hivyo hivyo, na wakamzika. Akainuka, akamweka Vainqueur kwenye meza iliyokuwa mbele ya Norbert.

"Si huyu," Norbert akanong'ona.

"Bonyeza, mwalimu."

Watu walikuwa wakingoja. Norbert akabonyeza mguu. Alipoondoa kidole, shimo likabaki, kama kwenye bugali ya moto.

Mama Anastasie, mwenye ulimi wake, akauliza kutoka nyuma: "Mwalimu, kwako nani anakulaga samaki?"

Kanisa likalipuka kwa kicheko.

"Ile ni minyoo," Norbert akasema, akakunja bango.

Minyoo! Mtu aliyefundishwa mpaka akapewa cheti, akitafuta wa kumsingizia, akawapata minyoo.

Jioni Rosette alipika mukeke mdogo aliompata kwa mwanamke aliyevuka ziwa kutoka Ubwari. Norbert akanawa, akaketi, akafunua bakuli. Lilikuwa na mchuzi mtupu.

"Samaki iko wapi?"

Vainqueur alikuwa amekaa chini, sahani kati ya magoti yake. Chérie alikuwa akitoa miiba, akimlisha mdogo wake, na kila mara akijiramba vidole.

"Nguvu iko mu supu, baba Chérie," Rosette akasema. "Mama yako alikukomaza nayo."

"Unanifanyia haya mbele ya batoto?"

"Batoto ndio banajua somo. Baulize."

Chérie, aliyedhani ameulizwa kweli, akasimama wima. "Samaki inajenga mwili! Supu ni maji na chumvi!"

Norbert akamtazama mwanawe, kisha sahani. Mkono wake ukanyooka kuelekea samaki. Rosette akamshika Vainqueur mguu, akabonyeza, akauacha wazi mbele ya baba yake. Shimo lile halikuwa na haraka ya kujaa.

Mkono ukarudi.

"Kesho nitafundisha namna gani na njaa?" akalalamika, kama ndiye aliyevimba.

"Fundisha hivyo hivyo. Kesho utajua unasema nini."

Akamega bugali, akachovya. Rosette hakumwangalia tena. Alimwangalia Vainqueur, aliyetafuna polepole, mdomo wazi, kama mtu anayejifunza.