Mfuko wa Upepo wa Kolwezi

Bilonda alipewa kazi Jumatatu: kushona upya mfuko wa upepo wa uwanja wa ndege, ule unaopeperuka juu ya nguzo kumwonyesha rubani upepo unatoka wapi. Ukifaa, atakuwa fundi wa uwanja. Usipofaa, wataagiza Lubumbashi, naye arudi kupunguza sketi za wanafunzi.

Akambeba mwanawe Josias mgongoni, akaanza kuufumua ule wa zamani kwenye mdomo wake ili aone ulivyoshonwa. Chini ya kitambaa cha rangi ya machungwa akakuta kingine, cheupe, na chini yake turubai ya kijani. Hee! Akakimbia navyo kwa jirani, Tata Lukusa, aliyechunga uwanja ule tangu ujana wake hadi pensheni.

"Tata, mbona iko na nguo tatu?"

Mzee akazipapasa. "Hii ya kijani ni ya wakati ya ndeke za mapropela. Zilikuwa zinatua mukia chini, sawa kuku inalalia mayai. Hii nyeupe ni parashiti! Mu sabini na munane basoda balishuka nazo toka juu, kisha bamama bakashonea batoto marobe ya kuvaa. Mi nilificha kipande."

"Na ya machungwa?"

"Ya juzi tu. Ya hizi ndeke za batu ba mine, ba kule machimboni."

Bilonda alirudi kwenye cherehani kichwa kimejaa ndege. Akashona tabaka tatu mfuko mzima, imara kabisa.

Alhamisi asubuhi wakaupandisha. Upepo ulivuma, mfuko ukaning'inia tu.

"Mama Josias," akasema Gracien, mlinzi wa nguzo, "hii suruali ni ya bwana yako? Ndeke iko njiani!"

Tata Lukusa, aliyekuja kutazama, akashika kichwa. "Mutoto yangu, ulishona tatu yote nzima? Zile zilikuwa biraka! Pale mu mdomo njo inapasukaka kila mwaka."

"Tata, si ungesema!"

"Uliniuliza nguo. Haukuniuliza tundu."

Mfuko ukashushwa. Bilonda akapiga magoti kwenye majani, wembe mkononi, akaondoa turubai, akaondoa kitambaa cheupe, akabakiza nailoni moja nyepesi ya machungwa. Gracien akavuta kamba.

Mfuko ukatikisika, ukajaa, ukanyooka kuelekea machimboni.

Ndege ilikuwa imeshaonekana upande wa mji, inashuka. Ghafla ikainua pua, ikazunguka mbali, ikaja kutua kutoka upande wa pili, wa machimbo, uso kwenye upepo.

"Imeugeukia?" Bilonda akanong'ona. "Tata, imeusoma?"

"Imeusoma, mama."

Gracien alikuwa tayari anamuuliza atamaliza lini mfuko wa akiba.