Vijiko Sita vya Sukari

Mwanvua wa Ujiji hakuwahi kupima sukari maishani mwake. Aliichota kwa kiganja, akaitazama, akaongeza. Visheti vyake vilizama katika shira nzito mpaka vikanata vidoleni, na wapo waliotoka Katonga kuvifuata. Chai ya nyumbani kwake ilikuwa vivyo hivyo. Mtu wa kubania sukari alimwita mkono wa birika, na kwake yeye hapakuwa na tusi lililozidi hilo.

Mwishoni mwa mwaka wa tisini na sita vita vilichachamaa ng'ambo ya ziwa, maboti yakawa yanashusha watu kila siku. Mwanvua akawapokea Mzee Faridi na binti yake Zuleha kutoka Uvira. Mzee huyo alikuwa amefanya biashara ya dagaa na marehemu mume wa Mwanvua kwa miaka mingi, hata wakaitana ndugu.

"Hapa ni kwenu," Mwanvua aliwaambia, akiwamiminia chai.

Zuleha, mwanamke wa miaka thelathini hivi aliyefika na khanga mbili tu, aliinamisha kichwa. Tangu siku hiyo alifagia ua kabla mwenye nyumba hajaamka, akala kidogo kuliko njaa yake, na kila alipoulizwa jambo alijibu, "Ndiyo, Mama."

Siku ya tisa mzee akaanza kuharisha. Ilipofika saa nne asubuhi walikuwa wameshaacha kuhesabu. Kilichomtoka kilikuwa cheupe kama maji ya kuoshea mchele, na Mwanvua hakuhitaji kuambiwa jina la ugonjwa ule. Kipindupindu kilikuwa midomoni mwa watu tangu maboti yaanze kuja. Alirudisha mlango wa uani. Jirani akipata habari, nani tena angenunua kisheti chake?

Alikumbuka gari la afya lililopita mtaani na kipaza sauti: maji yaliyochemshwa, sukari, chumvi. Vipimo vilitajwa pia, lakini wakati ule alikuwa anageuza visheti kwenye mafuta, havikumkaa. Akachemsha maji, akayapoza, akayatia kwenye jagi. Kiganja cha sukari. Kiganja cha pili. Chumvi akaidondosha kwa ncha za vidole, maana aliona itamchoma mgonjwa tumbo. Kisha akachota kiganja cha tatu.

Zuleha alikuwa amesimama karibu. "Mama, si imekuwa nyingi?"

"Sukari haijawahi kumdhuru mtu katika nyumba hii."

"Ndiyo, Mama."

Mzee alikunywa, akashukuru. Haukupita muda akainuka tena, safari hii kwa kushikwa mabega. Mwanvua akaona nguvu hazijamwingia, akalikoleza jagi. Kila alipokunywa, hali ilizidi kuharibika. Adhuhuri macho yake yalikuwa yametumbukia ndani, na ngozi ya mkono ukiifinya ilibaki imesimama.

"Mama," Zuleha akasema, "tumpeleke."

Walimlaza kwenye mkokoteni wa kukodi mpaka kwenye hema la wagonjwa lililosimamishwa karibu na ziwa. Muuguzi wa zamu alikuwa Elinipa, mwanamke wa Upareni aliyehamishiwa Kigoma mwaka ule. Macho yake yalikuwa mekundu kwa uchovu. Alimtundikia mzee dripu, ndipo akaliona jagi mkononi mwa Zuleha. Akamimina matone kwenye kidole cha glovu, akayasugua na kidole gumba. Vidole viliachana kwa shida.

"Hii ni shira," alisema. "Nani kachanganya?"

Ziwa lilikuwa linapiga mawe pale nje. Mwanvua alifungua mdomo.

"Ni mimi, munganga," Zuleha akajibu.

"Baba yako mzazi! Sukari ikizidi inayavuta maji ya mwili na kuyamwaga utumboni. Ulidhani unamnywesha, kumbe unamkausha!"

Zuleha alitazama chini, hakujitetea. Mwanvua naye akaufunga mdomo wake.

Alirudi nyumbani peke yake. Alimwaga dawa ya kuua vijidudu chooni, akasugua sakafu, akaisugua tena. Alibandika shira ya kesho, akaisahau, ikaungua ikawa nyeusi. Akakaa, akasimama. Alijiambia kwamba binti alisema mwenyewe, hakuna aliyemlazimisha. Alijiambia kwamba mzee angezidiwa hata bila ile sukari. Kila alilojiambia lilimtosha kwa hatua chache, kisha akajikuta tena mlangoni, mkono kwenye komeo.

Asubuhi alijifunga khanga akatoka. Alipofika msikitini akageuka kurudi. Akatembea nyumba tatu, akageuka tena. Mwuza mkaa mmoja aliyekuwa anamtazama akamwuliza kama amedondosha kitu.

"Ndiyo," alisema, akashika njia ya ziwani karibu kukimbia.

Mzee Faridi alikuwa hai, amelala chali, midomo imeanza kupata unyevu. Zuleha alikuwa amekaa chini kando yake. Elinipa alikuwa anabadilisha chupa ya dripu.

"Sista," Mwanvua akasema kabla pumzi haijamrudia, "yale maji niliyachanganya mimi. Huyu aliniuliza kama si nyingi, nikamnyamazisha. Jana akajitwisha kosa langu, na mimi nikamwacha."

Elinipa alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Nyuma yake mgonjwa mpya alikuwa anaingizwa kwa machela.

"Sina nafasi ya kukukasirikia, mama," alisema hatimaye. "Unajua kuchemsha maji? Basi njoo. Lita moja, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Kila kijiko ukisawazishe kwa mgongo wa kisu. Ukionja, chumvi isizidi ile ya machozi."

Siku hiyo Mwanvua alichanganya maji mpaka mikono ikafa ganzi. Kila alipofika kijiko cha sita mkono wake uliwashwa kuchota cha saba. Maji yale yalikuwa mepesi mdomoni, yalimtia aibu kama chai ya mnyimi. Lakini wagonjwa waliyanywa, na baadhi yao, waliobebwa kuingia, walitoka kwa miguu yao.

Mzee Faridi aliweza kukaa siku ya nne. Wiki iliyofuata lori la kuwapeleka wakimbizi kambini lilikuja, na Zuleha akawa ameandikisha majina yao wote wawili. Mwanvua alimfuata mpaka ubavuni mwa lori.

"Kwa nini kambini? Chumba kipo. Mimi nimekiri mbele ya watu, unataka nini zaidi?"

"Sina kinyongo, Mama," Zuleha alisema. Kwa mara ya kwanza alimtazama machoni. "Ulitupokea vizuri kuliko ndugu. Lakini siku ile nilikiona kiganja cha tatu, nikajua. Niliuliza mara moja, nikanyamaza, kwa sababu nakula kwako. Baba angekufa kwa adabu yangu mimi. Kule kambini sitakuwa mgeni wa mtu."

Mzee, aliyekuwa amekwisha kupandishwa, alimnyooshea Mwanvua mkono, naye akaupokea kwa mikono miwili. Lori likanguruma, likapanda barabara ya Kasulu, vumbi jekundu likafunika waliobaki.

Alisimama pale mpaka mlio wake ukaisha. Alitaka kumkasirikia yule binti, hasira ikakataa kuja. Nyumbani visheti vilimngoja, unga ulikuwa umeshakandwa, lakini aliona hawezi kukaa chini leo. Akajifunga khanga upya kiunoni, akashuka kuelekea hemani, ambako mtu hakupewa nafasi ya kukaa.