Maksi za Agnetha

Fimbo ya kwanza ilimpata Agnetha begani, ya pili ikampasua mdomo, naye Karugendo akaandika kwenye fomu yake kwamba mwanga umepangwa vizuri.

Walikuwa wahakiki watatu mbele ya skrini, katika ofisi ya kituo kipya cha televisheni ya setilaiti mjini Bukoba: Karugendo mhadhiri, Bashiri aliyewahi kuwa na maktaba ya video, na Joviana, mwalimu mstaafu kutoka Izigo. Kazi yao ilikuwa kuvipa vipindi vya mwanzo maksi kati ya kumi. Taarifa ya habari walishaipa tano, mapishi ya ndizi sita. Sasa ilikuwa zamu ya tamthilia iliyorekodiwa Kamachumu, ya mume mlevi na mkewe.

Lwakatare, aliyeigiza mume, alimburuta Agnetha kwa nywele hadi migombani, akamkanyaga mgongoni. Hapo Agnetha akaacha Kiswahili cha maigizo, akapiga enduru, yowe la kuomba msaada. Joviana alisisimka mwili mzima. Kwa Wahaya enduru haipigwi kwa mchezo. Ukiisikia unatupa jembe unakimbia, na asiyekwenda huhesabiwa mwenza wa muuaji.

"Huyu anapigwa kweli," akasema.

Wenzake walicheka. Anwari, mwongozaji wa tamthilia aliyekaa nyuma yao, alimwambia kwa upole kwamba binti ana kipaji tu. Karugendo akatoa tisa, Bashiri tisa. Joviana aliogopa kuonekana mshamba mbele ya wasomi, naye akaandika tisa, akasaini. Heri angebaki mshamba.

Anwari alikusanya fomu akiwa amefurahi mno, na furaha ikamfungua mdomo. Alisema anawahi Kamachumu kurekodi sehemu ya pili, yenye kipigo kikali zaidi, na binti mwenyewe hajaambiwa, ili kilio kitoke vizuri kama mara ile.

Joviana aliacha chai mezani, akakodi pikipiki kwenda Kamachumu. Alipofika alikuta kibanja, shamba la migomba la nyumbani, kimezungushiwa kamba, majirani wamesimama nje ya kamba wakitazama, maana waliambiwa ni filamu. Ndani ya kamba Lwakatare alishusha mpini wa jembe. Agnetha aliinua mkono kujikinga, mfupa ukavunjika, na wote wakausikia. Akapiga enduru. Hakuna aliyevuka.

Joviana alivuka. Alijitupa juu ya binti, mpini ukamshukia mbavuni, naye akapiga enduru kwa pumzi zote alizokuwa nazo. Bibi huyu hakuwa wa filamu, hilo kila mtu aliliona. Majirani walikata kamba kwa panga wakaingia. Lwakatare alipigwa mpaka meno yakabaki kwenye majani makavu ya migomba. Kamera ilikanyagwa vipande vipande, na Anwari akakimbilia kwenye mibuni bila viatu, damu ikimtoka sikioni. Wa kuwahurumia wawili hao hakuonekana.

Hospitalini Joviana na Agnetha walilazwa vitanda jirani. Joviana alimweleza kwamba alikuja kwa sababu asubuhi ile aliisikia enduru yake kwenye skrini, akiwa na wahakiki wenzake, wakitoa maksi. Agnetha, mkono umefungwa plasta, alimgeukia.

"Mwalimu, walinipa ngapi?"

"Tisa."

"Na wewe?"

Mbavu zilimuuma Joviana kwa kila pumzi. Angeweza kudanganya.

"Tisa," akasema.

Agnetha akageukia ukutani.