Marahaba ya Bibi Elida

Marcelina alikuwa amechoka ule uchovu ambao hata ukilala unaamka nao. Tangu mama yake, Bibi Elida, aanguke na kiharusi kando ya beseni lake la dagaa kule Katonga, mkono wa kulia wa mama ulikuwa umelala, na maneno yote aliyokuja nayo kutoka mji wa Baraka, ng'ambo ya ziwa, mwaka ule walipokimbia vita, yalikuwa yamepotea. Likabaki moja tu: chumvi.

Na salamu. Salamu zilibaki nzima, na ndizo zilizoleta balaa pale uani walikopanga, Buzebazeba.

"Shikamoo, bibi!" watoto walimpigia kelele kila wapitapo.

"Marahaba," anajibu, wazi kabisa.

"Za asubuhi?"

"Nzuri."

"Umekula nini?"

"Chumvi."

Basi hapo ni kugaragara kwa kicheko. Wapangaji wenzao hawakucheka. Mtu anayeitikia salamu vizuri namna ile, walisema, anashindwaje kuomba maji? Kiburi tu hicho.

Nikodemu, mdogo wake Marcelina, alikuwa na lake. Alisikia kwao Baraka kumetulia, na boti ya kuvuka ilikuwa inaondoka kesho yake.

"Dada, mama alishakwenda zake," alisema. "Huo uliobaki ni mdomo wa mazoea. Tumwache kwa masista, turudi kwetu. Hatajua kama tupo au hatupo."

Marcelina aliendelea kukunja nguo za mama. Ubaya wake ni kwamba alikuwa karibu kukubali. Kumgeuza, kumfulia, kumlisha kijiko kwa kijiko, kisha mbio kwenda kuanika dagaa. Mwili wake wote ulikuwa unasema ndiyo.

Mchana ule watoto wakaanza tena mchezo wao. Kugomba kunataka nguvu, naye hakuwa nazo, kwa hiyo akawaita wakae.

"Kichwani mwenu kuna nini?"

"Ubongo," akasema Frida, mjukuu wa mwenye nyumba.

"Wake wa mbuzi!" mwenzake akamnyooshea kidole.

"Wa mbuzi babu yako!"

"Haya, basi. Ni laini kama wa mbuzi, kweli. Lakini si ndoo ya kutupia kila kitu. Ni kama pale mwaloni Katonga: yupo anayepokea samaki, yupo anayebeba, yupo anayenadi, kila mtu na mahali pake. Sasa bibi, damu ilikwama njiani, haikufika huku." Akajigusa juu ya sikio la kushoto. "Wanaokaa huku kazi yao kutafuta maneno. Ndio walioumia."

"Mbona mkono uliolala ni wa kulia?" Frida akauliza.

"Njia zinapishana hapa nyuma, karibu na shingo. Kushoto kunauamuru mkono wa kulia. Ndivyo alivyosema daktari, mimi sikuumba mtu."

"Na marahaba?"

"Marahaba haitafutwi. Kaisema mpaka imejichimbia njia yake. Wewe ukifunga kanga unafikiri?"

Frida akatikisa kichwa. "Na yule anayesikia je? Naye kaumia?"

Marcelina akageuka kumtazama mama yake. "Sijui, mwanangu. Hilo ndilo ninalotaka kulijua kabla ya kesho."

Nikodemu alikuwa mlangoni, anafunga begi. Frida akainuka, akapiga goti mbele ya mkeka aliolazwa bibi. Safari hii hakucheka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Za mchana?"

"Nzuri."

"Habari za nyumbani?"

Bibi Elida akafungua mdomo. Ile nzuri ilikuwa njiani inakuja, ikasimama. Akaufumba. Macho yakaenda polepole kwenye begi la Nikodemu, yakaenda upande liliko ziwa, yakarudi kwa binti yake yamejaa machozi.

"Chumvi," akasema kwa sauti ndogo. "Chumvi, chumvi." Mkono wa kushoto ukashika pindo la kitenge cha Marcelina, ukang'ang'ania.

Hakuna aliyecheka. Nikodemu aliiacha zipu katikati.

"Anasikia," Frida akanong'ona.

Basi aliyasikia yote. Masista, boti, mdomo wa mazoea. Yote yalisemwa hapohapo, kando ya mkeka wake.

"Nenda, Nikodemu," Marcelina akasema. "Ukifika, tusalimie watu."

"Na wewe?"

"Mimi mama hajaoga."

Akainama, akapitisha mkono chini ya kwapa la mama yake. Mgongo ulimuuma palepale panapouma kila siku. Kabla hajamgeuza akamsogelea sikioni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu ugonjwa uanze.

"Mama," akasema, "nakugeuza sasa."