Mwalimu Leopold Akwepa Barabara

Matokeo ya darasa la nne yalipotoka, shule ya Mwalimu Leopold ilikuwa ya mwisho katika kata nzima. Wazazi walikuwa wamechanga mahindi na maharage ili watoto wakae kambini shuleni wakijiandaa na mtihani, naye hakujua atawatazamaje. Siku ya gulio, akielekea sokoni, akaiacha barabara ili asikutane nao, akakatiza kwenye ngolo, yale mashimo ya kilimo yaliyojaa mteremko mzima.

Bibi Lusia, aliyekuwa akipalilia ndani ya shimo moja, akainuka ghafla.

"Shikamoo, bibi," mwalimu alisema, macho chini.

"Marahaba. Barabara imefungwa, mwalimu? Unanikanyagia mahindi!"

"Nisamehe, bibi. Naona aibu. Mlitoa chakula chenu bure."

"Walikula wajukuu zetu, si wewe. Huyu wangu kafeli, lakini juzi kanisomea maandishi ya mfuko wa mbolea. Mwaka juzi hakuweza."

Upole huo ukamchoma mwalimu kuliko matusi.

"Gulioni watanisema, bibi."

"Watakusema, ndiyo. Ngoja ninawe mikono, twende wote."

Wakapanda barabarani. Bibi akawa anasalimia kila mtu kwa sauti, na mwalimu, uso ukiwaka moto, akasalimia nyuma yake.