Paa la Kaboni la Mzee Ndaki

Mzee Ndaki wa Masumbwe alikuwa na gari, na gari lenyewe lilikuwa na kioo kwenye paa. Wenyewe mjini wanakiita sanrufu. Siku aliyolinunua, dalali alibonyeza kitufe, kioo kikasogea, jua likaingia mpaka kwenye viti, Mzee Ndaki akacheka akasahau kuuliza habari za injini. Mtu amekaa miaka thelathini na mitatu chini ya ardhi, kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, halafu unamfungulia paa anaona mawingu akiwa amekaa tu. Utamwambia nini tena?

Haya. Kiangazi kikapita, gari zuri. Mvua zilipoanza, kioo kikavuja. Akaziba kwa lami, akaziba kwa sabuni, akaziba na bigijii aliyoitafuna mwenyewe. Jumapili ya Pasaka kikammwagia maji mkewe, Bibi Bernadina, wakiwa njiani kwenda misa. Bibi wa watu akaingia kanisani mashavu yanatiririka, watu wakadhani ametubu kweli kweli.

Sasa mjukuu wao, Goodness, waliyemlea tangu ana miaka minne, alikuwa anaolewa Jumamosi ya pili baada ya Pasaka, kanisani Ushirombo. Na Mzee Ndaki alishawaambia watu wote, mpaka wauza mkaa, kwamba bibi harusi atapanda gari la babu yake. Upande wa bwana harusi kulikuwa na Denis, baba mdogo wa kijana, mwenye gari jeupe refu, lile la kupanda kwa kukanyaga ngazi. Denis alisema kwa upole kabisa, "Mzee, na sisi tutaleta letu. Likae tu pembeni." Hilo "likae tu pembeni" lilimkaa Mzee kooni kama mwiba wa sato.

Goodness naye hakumficha. "Guku," akamwambia, maana Wasukuma babu wanamwita hivyo, "gauni jeupe, limeshonwa Mwanza. Likidondokewa tone moja napanda la baba Denis."

"Yaani unamwacha mumeo kwa ajili ya tone?" Babu na mjukuu ni watani, na tangu mtoto anaota meno alikuwa anamwita mke wangu.

"Mume anavuja, wa nini?"

Basi Alhamisi asubuhi Mzee akalipeleka gari kwa Benjamini, fundi bodi. Benjamini akang'oa kioo na reli zake zote, akaleta kipande cheusi kinang'aa, kimesukwa kama mkeka mdogo.

"Hii ni kaboni faiba, mzee wangu. Nimeagiza Mwanza. Magari ya mashindano yanafungwa hii."

Mzee akaipokea kwa mikono miwili, akajiandaa kwa uzito, nusura aanguke kinyumenyume. Nyepesi kama ungo usio na kitu.

"Benjamini, hili paa au kifuniko cha sufuria?"

"Ni ngumu kuliko bati, mzee."

"Bati nalijua. Hii imeliwa ndani."

Benjamini akacheka, akapaka gundi ya kubandikia vioo vya magari, akaikandamiza. Ikakaa sawasawa na paa, ukipitisha kidole husikii pa kuungia. Akasema isiguswe mpaka Jumamosi jioni, lakini gari linaweza kutembea taratibu. Mzee akaondoka nalo anapiga honi njia nzima. Watu wakauliza hiyo nyeusi juu ni nini, naye akasema kaboni, na wachimbaji wawili wakataka kujua ina gramu ngapi.

Ijumaa mchana akakaa ndani ya gari peke yake, anajifurahisha. Mkono ukapanda wenyewe, akagonga lile paa kwa kifundo cha kidole.

Ka, ka, ka.

Furaha yote ikamwisha. Mzee Ndaki kazi yake duarani ilikuwa matimba, kusimamisha magogo ya kuzuia mwamba usiwaangukie wenzake. Mtu wa matimba kabla ya kuingia anagonga mwamba na kusikiliza. Ukiitika kwa uzito, unafanya kazi. Ukiitika utupu, unatoka, na kama huna budi kubaki unaweka gogo. Sasa hili paa liliitika utupu, na chini yake kesho anakaa Goodness.

Akachukua msumeno. Akakata magogo matatu ya mkaratusi, mawili akayasimamisha nyuma ya viti vya mbele, la tatu kando ya breki ya mkono. Juu akalaza ubao, akagongelea kabari mpaka yote yakalia kwa kukaza. Kazi safi. Yangekuwa mashindano ya matimba, angeshinda.

Jumamosi mvua ikaamka kabla ya watu. Uwanja wa nyumbani kwa Mzee ulikuwa umejaa akina mama wa sare ya kitenge, matarumbeta yanajaribu midomo, na gari la Denis limeshafika, liko pembeni kama alivyoahidi. Benjamini, ambaye naye alialikwa, akachungulia gari la Mzee. Akachungulia tena.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba."

"Humu ndani umejenga banda la kuku?"

"Paa lako linaitika utupu. Nimeliwekea matimba."

Benjamini akapitisha kidole pembeni mwa kile kipande cheusi, kikazama. Akamshika Mzee bega. "Baba, mwamba ukiachia unashuka. Hii ikiachia inapaa, upepo ndiyo unaivuta. Hapa hujaizuia, umeisukuma iende zake. Upande mmoja umeshanyanyuka."

Ndiyo hivyo. Gundi ilikuwa bado mbichi, na kabari za Mzee zilikuwa za mtu anayejua kazi. Ndani, kwenye kiti cha nyuma, palikuwa na kidimbwi cha ukubwa wa kisahani.

Mzee Ndaki akakitazama kile kidimbwi. Akavua kofia, akaitia mfukoni. Halafu akaenda mpaka mlangoni mwa nyumba, Goodness kasimama na gauni lake, anameta, na akasema kwa sauti ndogo, "Panda la Denis, mke wangu. Langu limelowa."

Denis akafungua mlango wake mrefu. Matarumbeta yakanyamaza.

Goodness akakusanya gauni, akavuka uwanja chini ya mwavuli wa bibi yake, akachungulia gari la babu. Magogo matatu, ubao na kabari. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akamwegemea Bibi Bernadina, naye bibi akaambukizwa, na mwavuli ukawa unacheza juu yao.

"Ulidhani litaniangukia, Guku?"

"Niliweka mazito matatu," alisema Mzee. "Kwa mwamba wa kawaida naweka mawili."

Goodness akamgeukia fundi. "Benjamini, ukitoa haya, ukafunga kwa juu, litafika Ushirombo?"

"Nikipaka gundi nyingine na kulibana na mipira, linafika. Ila mwendo wa harusi."

"Sisi tunaenda wapi, msibani? Fungeni."

"Na lile tone?" aliuliza Denis, ambaye maneno ya tone yalishamfikia.

"Tone nililisema kwa mume wangu, baba. Wewe ulikuwa unasikiliza nini?"

Akina mama wakapasua vigelegele. Magogo yakang'olewa kwa nyundo, Mzee mwenyewe akipiga, na kwa raha aliyokuwa nayo alipiga gogo moja likatoka mpaka kwa mpiga ngoma. Mipira ya kufungia mizigo kwenye baiskeli ikapitishwa juu ya paa na kuingizwa milangoni, ikafungwa ndani kwa mafundo manne. Bibi Bernadina akaangalia ile mipira myeusi, akasema gari la harusi haliendi uchi, akalivisha kitenge chake juu na kulikunjia pembeni kama kilemba. Wengine wakaongeza vya kwao. Gari likaondoka linafanana na shangazi mnene anayeenda kudai ng'ombe wake.

Mzee akaendesha, mvua inapiga, kiti kimefutwa na kutandikwa mashuka mawili. Nyuma yao msafara wote, na Denis wa mwisho, anapangusa kioo.

"Guku, ongeza mwendo kidogo, nachelewa kuolewa."

"Kuolewa kutakungoja. Gundi ndiyo haitaki haraka."

Karibu na Ushirombo tone moja likapenya. Likajikusanya, likaning'inia, likatua kwenye upara wa Mzee Ndaki. Akakaza macho barabarani, asitikise hata sikio. La pili likaja palepale. Goodness alikuwa anaona kwenye kioo, amejiziba mdomo kwa shada la maua, mabega yanaruka.

Mlangoni mwa kanisa Charles, bwana harusi, alikuwa anangoja na mwavuli. Mzee akamteremsha Goodness, akamzungusha mara moja, akakagua gauni mbele na nyuma kama anakagua nguzo.

"Mkavu huyu," akamwambia Charles. "Ukimlowesha, narudi kumchukua."

"Sawa, mume mwenzangu. Ila wewe kichwa chako kimelowa."

"Jasho hilo," alisema Mzee Ndaki. "Nimetoka mbali na mke wa mtu."