Masizi Mbele ya Mashini

Djuma hakuumbwa kwa kukaa. Hata ugali alikula akitembea. Sasa Dokta Florentine anamwambia atulie kwenye kiti dakika ishirini, asigeuke, asipige hadithi! Afadhali angemwambia ateremshe kamyo bila freni.

"Dokta, na kupumua kunakatazwa?"

"Pumua, Papa Djuma. Lakini mudomo ufunge."

Kofia aliyovaa ilijaa taa ndogo na nyaya. Inaingiza mwanga kichwani na kusoma damu inakimbilia wapi ubongo unapofanya kazi. Florentine, mtoto wa Butembo, aliileta mjini kwao kwa juma moja kuchunguza kipandauso, ile madaktari wanaita migraine. Leo ilikuwa siku ya mwisho.

Djuma alitaka picha tu. Mara mbili mwezi ule kamyo ya viazi vya Alimbongo ilisimama njiani kwenda Beni, yeye dereva amejilaza chini yake, amefunika macho, anatapika. Patron Bilali, mwenye kamyo, akasema: mulevi. Mulevi! Yeye ambaye hata harufu ya kasiksi, pombe ya ndizi, inamkimbiza msikitini. Kesho funguo zingepewa mwingine, asipoleta neno la munganga wa hospitali.

Florentine akakunja uso. "Upande wa kushoto sioni kitu."

"Hakuna ubongo?"

"Hakuna mwanga unaorudi." Akainua kofia, akampangusa paji la uso kwa pamba. Pamba ikawa nyeusi. Chini yake chale sita mbichi, zimeshiba masizi.

"Nani alikuchanja?"

"Shangazi Sikitu, kule Beni, jana. Alisema dawa itangulie, mashini ikute kichwa kiko na adabu."

"Masizi yanakunywa mwanga wote, Papa. Hayatatoka leo."

Djuma akaruka, nyaya zikimning'inia kama mizizi. "Basi kata ngozi!"

"Kaa. Picha ya mutu mumoja hapana sema kama ni mugonjwa. Ni ya kulinganisha batu mingi. Migraine yenyewe tunaijua kwa kuuliza."

"Kuuliza tu? Na mimi nilichanjwa bure?"

Florentine akauliza. Djuma akajibu akipima chumba kwa miguu, ukuta hadi ukuta. Kisha dokta akaandika, akamwomba ruhusa, wakampigia patron, sauti wazi.

"Baba Bilali, Djuma si mulevi. Ni ugonjwa. Kwanza anaona mistari inacheza kwa macho, kisha kichwa kinamugonga upande mumoja, anatapika, anatafuta giza. Mistari ikianza, asimame, asiendeshe. Dawa iko."

Djuma akauma kucha, akaishiwa kucha.

"Patron? Uko?"

"Niko." Sauti ilikuwa imeshuka. "Dokta, ile mistari… inang'aaka? Inapindaka-pindaka?"

"Ndiyo, Baba. Kwa nini unauliza?"

"Mimi tangu utoto naionaka. Nilifikiri ni batu bote."

"Na funguo, patron?" Djuma akadakia.

"Nyamaza kwanza, Djuma! Niko naongea na dokta wetu."